Barua ya wazi kwa wanaojenga Bonde la Msimbazi: Njia ya baiskeli isikatike darajani

Kwa: Waratibu wa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, TAMISEMI na TARURA
Nakala: Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni, Manispaa ya Ubungo, TANROADS, DART

YAH: NJIA YA BAISKELI KUTOKA SALENDER HADI KIGOGO, NA AKIBA YA NJIA HADI PUGU

Ndugu Waratibu,

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua mezani kwenu ni nyingi. Naomba michoro ya bustani ya Bonde la Msimbazi iwe na njia moja ya baiskeli inayokwenda bila kukatika kutoka Daraja la Salender hadi Barabara ya Kawawa pale Kigogo, na kila inapokutana na barabara kubwa ipite chini ya daraja. Kwa sehemu iliyobaki, kutoka Kigogo kupanda hadi Pugu, naomba ardhi ya njia hiyo ipimwe na kutengwa sasa, hata kama fedha ya kuijenga itapatikana miaka ijayo. Mengine nitakayoandika humu ni sababu tu.

Naharakisha kwa kuwa kazi imeshaanza. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi huu mwaka 2022. Watu wamelipwa fidia, nyumba zimebomolewa. Mpango unataka daraja jipya pale Jangwani, karakana ya mabasi yaendayo haraka iondoke bondeni, mto uchimbwe na kupanuliwa, na sehemu kubwa ya bonde igeuzwe bustani ya jiji. Samaki mkunje angali mbichi. Daraja likishasimama na nguzo zake, kuja kuomba mita nne za njia chini yake ni sawa na kuomba livunjwe.

Mimi ni mkazi wa Magomeni. Kazini naenda kwa baiskeli, na Jumamosi natoka na wenzangu kwa baiskeli za mashindano, zile za tairi nyembamba. Kwa hiyo Msimbazi naupita kwa namna mbili, kama mtu anayewahi ofisini na kama mtu anayetafuta kilomita. Kwa namna zote mbili nauona mto ambao jiji limeupa mgongo kwa miaka mingi.

Sababu ya kuupa mgongo inaeleweka. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Tabata, unaingia Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga maji yake Bahari ya Hindi kwenye mikoko ya Salender, safari ya takriban kilomita 35. Njiani unapokea mito ya Sinza, Ubungo na Luhanga, pamoja na taka za kila mtaa unaoupitia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila masika tunaujua utaratibu: mvua ikikesha, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, mabasi yanasimama, watu wanarudi nyumbani au wanazungukia Kigogo. Hata Yanga, yenye makao yake Jangwani, imeuona Uwanja wake wa Kaunda ukiwa bwawa.

Ila mto huu una jambo moja ambalo barabara zetu hazina. Dar es Salaam imekua kwa kufuata barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji: Kilwa, Nyerere, Morogoro na Bagamoyo. Mtu wa Tabata au Segerea anayekwenda mjini mara nyingi huangukia mojawapo, na humo atakutana na malori ya bandarini, mabasi, daladala na bodaboda wakigombea nafasi ile ile. Msimbazi nao unatoka pembezoni hadi katikati, tena kwa mteremko mdogo ambao hata mtoto ataupanda bila kushuka, na hauna lori hata moja. Ni njia kuu ya tano ambayo hakuna aliyeitumia kama njia. Mnapoitazama ramani ya mradi mnaona eneo la kupokea maji na eneo la bustani. Naomba muone pia mahali pa kupita.

Sisemi kwamba baiskeli imesahauliwa kabisa. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na ni jambo la kushukuru. Lakini nendeni Magomeni Mapipa saa moja kasoro asubuhi, mteremke nayo hadi Jangwani. Mwanzoni kuna bodaboda wamepaki wanasubiri abiria. Mbele kidogo kuna meza ya matunda na ndoo ya maji ya kuyaoshea. Kila barabara ya mtaa inapoingia, njia inashuka, inakatika, kisha inapanda tena kwenye ukingo wa zege. Ukifika chini bondeni baada ya mvua unakuta matope ya kijivu ambayo mto umeyaacha. Yakikauka yanakuwa vumbi, vumbi linafunika mashimo, na mwendesha baiskeli anaingia barabarani kwenye magari kwa hiari yake mwenyewe. Akigongwa watasema alikuwa na njia yake na akaiacha.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu kuu. Njia ya baiskeli hupimwa penye maungio yake kuliko kwa jumla ya urefu wake. Mkijenga kilomita tano nzuri bondeni halafu zikakatwa na Barabara ya Morogoro pale Jangwani na Barabara ya Kawawa pale Kigogo, mtakuwa mmejenga vipande vya kuzungukia tu, na watakaovitumia ni wenye gari la kubebea baiskeli hadi getini. Njia ikipita chini ya madaraja, kilomita hizo hizo zinamfikisha mtu mahali.

Na mtu huyo ni nani? Hapa niseme bila kuzunguka, maana baiskeli inaposemwa katika mikutano ya mipango miji huwa inafikiriwa kama mchezo wa wenye kofia ngumu na nguo za kubana. Tupo, sikatai. Tunatoka Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri kuelekea Bagamoyo au Kigamboni, na tunatoka usiku ule kwa sababu baada ya saa mbili malori yanatumaliza. Wapo miongoni mwetu wanaoendesha hadi Mara katika msafara wa Twende Butiama wa kumuenzi Mwalimu Nyerere. Lakini sisi ndio wachache.

Wengi ni wale wa baiskeli ya kazi. Simameni saa tatu asubuhi kwenye barabara inayotoka soko la samaki la Feri muwatazame wauza samaki. Baiskeli ni Phoenix ya chuma. Keria imeongezwa kwa nondo za kuchomelea ili ibebe upana zaidi, na juu yake limekaa tenga lililofunikwa kiroba kilichoroweshwa maji. Tyubu kuukuu imezungushwa na kukazwa chini ya siti. Kila anapokanyaga pedali mzigo unayumba kidogo, naye anaurudisha kwa kiuno, huku maji ya samaki yakidondoka lami. Akisimama ghafla, gurudumu la mbele linanyanyuka. Hawezi kuupanda ukingo wa zege hata uwe na urefu wa kiganja. Hawezi kujibana penye magari kwa sababu tenga ni pana kuliko usukani. Na hana muda, maana jua likipanda samaki anaharibika na bei inashuka. Huyu anakwenda Magomeni, Kigogo, Mburahati, Manzese. Leo anapita katikati ya mji na Barabara ya Morogoro. Kukiwa na njia bondeni, angetoka Feri akafuata ufukwe hadi Salender, akaingia kando ya mto na kutokea Kigogo. Muongezeni muuza mikate, mkulima wa mchicha na matembele, fundi mwenye mfuko wa zana, mwanafunzi wa sekondari. Hao ndio njia yenyewe itakaowahudumia siku za kazi, sisi tuitumie wikiendi.

Najua yatakayosemwa ombi hili likifika kwenye kikao, kwa hiyo nijibu mapema.

Litasemwa kwamba bonde linafurika, na hakuna maana ya kujenga kitu kitakachozama. Ni kweli kitazama, na kinatakiwa kizame. Jiji la Seoul lina njia za baiskeli pande zote mbili za Mto Han, ndani ya hifadhi ambazo zimepangwa zipokee maji mto ukijaa. Lipo hata daraja, Jamsu, lililojengwa mwaka 1976 likiwa chini kiasi kwamba mafuriko makubwa hulifunika. Mvua zikizidi, mamlaka hufunga njia. Maji yakishuka, wafanyakazi huja na mipira ya maji, wanaosha matope, na watu wanarudi kuendesha. Korea Kusini ndiyo iliyotukopesha fedha za Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, kwa hiyo wataalamu wake tunawafahamu na hatutahitaji kuwatafuta mbali. La muhimu ni njia isiinuliwe kama tuta la kuzuia maji, ikae usawa wa ardhi. Ijengwe kwa zege lenye nondo, kwa sababu lami nyembamba ikirowa huachia, na vitofali vya kupanga maji huving'oa kimoja kimoja. Bajeti ya kuosha matope iandikwe tangu mwanzo kama gharama ya kawaida ya kila masika, isije ikaombwa kama dharura.

Litasemwa kwamba nchi zetu hazina mambo hayo. Kigali wameyafanya, na Kigali si Ulaya. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilikuwa eneo oevu lililochoka. Wameliotesha upya, hekta zaidi ya 120, na wameweka kama kilomita 10 za njia za miguu na baiskeli ndani yake. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, jiji hilo likawa la kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Sidai kwamba bustani ndiyo iliyoleta mashindano. Ninachosema ni kwamba jirani yetu ameamua baiskeli ni sehemu ya mji, akaipa nafasi hata kwenye bonde lake. Jambo moja tu nisingependa tuige: Nyandungu hulipiwa kiingilio. Bustani yetu ikitaka kuwa na sehemu za kulipia na iwe nazo, lakini njia yenyewe iwe wazi kama barabara. Muuza samaki hawezi kukata tiketi kwenda na kurudi kila siku.

Litasemwa kwamba sheria inazuia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na inampa Waziri nafasi ya kutoa mwongozo wa yanayoweza kufanyika humo. Tumeona kilichotokea katika mita hizo 60 zilipoachwa tupu na kulindwa kwa bango: kwanza alikuja mchimba mchanga, akafuata mwaga kifusi, halafu kikajengwa kibanda, halafu nyumba. Eneo lisilopitwa na mtu halina shahidi. Njia inayopitwa kutoka alfajiri hadi usiku inaonekana, na anayemwaga kifusi humo anaonekana naye. Msipotaka kuiita miundombinu ya usafiri, iiteni ulinzi wa kingo za mto.

Na litasemwa, tena hili ndilo zito kuliko yote, kwamba bodaboda wataivamia. Wataivamia kweli tukiiga dawa iliyozoeleka, ya kusimika nguzo za chuma mlangoni. Pimeni wenyewe: pikipiki inapenya pembamba kuliko baiskeli yenye tenga. Nguzo itakayomzuia bodaboda itamzuia muuza samaki kwanza, na bodaboda atapita pembeni kwenye majani. Dawa ni kumwondolea sababu ya kuingia. Barabara za mitaa ya Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna na Hananasif zinazoshuka bondeni ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe huko juu, ili njia ya mtoni isiwe ndiyo mkato wa pekee. Vijiwe vya bodaboda vitengwe penye milango ya bustani, wawe na kivuli na maji, wapate abiria wanaotoka. Kisha awepo mgambo mwenye baiskeli, na faini inayotozwa kweli. Vijana wa bodaboda ni majirani zetu, wakipewa mahali pao wengi watakaa.

Sasa nije kwenye mambo madogo ambayo mchoraji asiyeendesha baiskeli huyasahau, na ndiyo yanayovunja watu meno.

Upana. Mita tatu hazitoshi baiskeli mbili zenye mizigo kupishana huku mtoto akijifunza katikati. Naomba mita nne, na wanaotembea wawe na njia yao pembeni, itenganishwe kwa majani au miti badala ya mstari wa rangi.

Vyuma vya mifereji. Vyuma hivi vikilazwa kuelekea mwendo wa baiskeli, tairi ya milimita 25 inazama katikati na mtu anaruka juu ya usukani. Vilazwe kukingama. Ni chuma kile kile kwa bei ile ile, tofauti ni namna fundi alivyokigeuza.

Chini ya madaraja. Pawe na mwanga mchana na usiku, kimo cha kutosha, na njia ionekane upande wa pili kabla hujaingia. Mwanamke hatapita mahali ambapo haoni atakakotokea, na njia ambayo wanawake wanaikwepa imeshindwa hata kama zege lake ni zuri.

Huduma. Bomba la maji, choo, na vibanda vya mafundi baiskeli kila baada ya kilomita moja au mbili. Fundi wa kuziba pancha mwenye beseni la maji na pampu analinda njia kwa macho kuliko kamera, na anajilipa mwenyewe. Nafasi hizo wapewe kwanza waliokuwa wakiishi bondeni na kuhamishwa. Wameacha nyumba zao ili jiji lipate bustani, itakuwa aibu wakirudi humo kama wageni.

Mwenye njia. Leo ukikuta shimo pale Jangwani lazima kwanza ujue umesimama kwenye ardhi ya nani: barabara kuu ina wakala wake, mabasi yana wakala wake, mitaa ina TARURA, mto una Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ukingo huu ni wa Jiji na ule wa Kinondoni. Naomba njia hii iandikwe kwa jina la chombo kimoja, chenye fungu lake na namba ya simu iliyobandikwa kwenye kila mlango.

Kuhusu Pugu sitasema mengi. Juu kule kuna Msitu wa Hifadhi ya Asili wa Pugu na Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), msitu wa pwani ulio karibu na jiji letu. Waendesha baiskeli tayari wanakwenda, ila inabidi wavumilie kwanza Barabara ya Nyerere na vumbi lake. Njia ya mto ingeunganisha msitu na bahari: mtu aondoke Coco Beach, avuke Tanzanite, aingie Salender, afike Pugu, na arudi kwa mteremko. Ni miji michache yenye bahati hiyo. Najua fedha ya sasa inaishia bonde la chini, kwa hiyo kwa Pugu naomba alama za mpaka tu. Kila mwaka unaopita Vingunguti, Tabata na Kinyerezi bila alama hizo ni mwaka wa nyumba nyingine zitakazokuja kulipwa fidia.

Sisi nasi tuna la kutoa, maana haki bila wajibu haidumu. Wa baiskeli nyembamba tukubali kwamba njia ya mtoni si uwanja wa mashindano. Mbio zetu tuzifanye kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya hapo mwendo uwe wa mtu anayepita kwenye watoto. Kengele iwe lazima, taa iwe lazima. Vyama vya waendesha baiskeli, kama UWABA ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiandaa misafara ya baiskeli jijini, viitwe mezani kabla michoro haijafungwa, na viulizwe ni wapi watu wao hupita hivi sasa.

Kwa hiyo, Ndugu Waratibu, naomba mambo matatu yenye jibu la ndiyo au hapana. Je, mchoro wa daraja la Jangwani una nafasi ya mita nne chini yake kwa ajili ya njia? Je, ardhi kutoka Kigogo hadi Pugu itapimwa kabla mradi haujafungwa? Je, michoro ya bustani itabandikwa kwenye ofisi za kata zote zinazopakana na bonde ili wananchi waione na kutoa maoni?

Na kabla hamjaweka sahihi, ipimeni kazi kwa kipimo hiki. Mchukueni muuza samaki mmoja, na tenga lake limejaa, aondoke Feri kwenda Kigogo kwa kufuata mchoro wenu. Pale atakapolazimika kushuka kwenye baiskeli, pachoreni upya.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwendesha baiskeli,
Magomeni, Dar es Salaam